Mbio za Jumatano Usiku

Kwa msimu mzima, beseni la bluu la nyumbani kwangu halikuguswa na nguo siku ya Jumatano. Jumatano usiku ilikuwa zamu ya filta. Nilimimina mafuta ya taa kadiri ya vikombe viwili, nikazamisha sponji ya kuchujia hewa, nikaikamua bila kuisokota, nikamwaga tope jeusi lililotoka, nikarudia mpaka mafuta yakabaki na rangi yake. Halafu maji vuguvugu na sabuni ya kipande. Halafu kamba ya nguo, katikati ya sare za shule za watoto, mpaka asubuhi. Alhamisi niliipaka oili yake ya kunata, nikiikanda kwa viganja kama donge la unga wa chapati ili kila tundu lishike mafuta. Petroli ingesafisha haraka zaidi, lakini petroli hula gundi inayounganisha sponji, na gundi ikiachia, vumbi hupita moja kwa moja hadi kwenye silinda.

Watu wakiniuliza mbio za pikipiki zikoje, hutarajia niwasimulie vilima vya kuruka na viwiko vinavyogongana kwenye kona ya kwanza. Nitafika huko. Lakini mtu anayekimbilia ubingwa wa taifa kwa mshahara wa mhariri wa gazeti huanzia kwenye beseni.

Motokrosi hukimbiwa kwenye njia ya udongo iliyozungushwa, yenye vilima, kona zenye kingo na mashimo yanayozidi kuchimbika kila mzunguko. Mnajipanga mstari mmoja nyuma ya geti la chuma, geti linaanguka, na wote mnaitafuta kona moja. Siku moja ina mikondo miwili au mitatu, na kila mkondo una pointi zake. Nairobi uwanja wake ni Jamhuri Park, kando ya Barabara ya Ngong, na mchezo wote uko chini ya shirikisho la michezo ya magari nchini, KMSF.

Si siri kwamba kwetu huu umekuwa mchezo wa wenye uwezo. Asubuhi ya mbio utakuta mahema, jenereta, na pikipiki ya pili imefunikwa turubai, ikisubiri ya kwanza iharibike. Siwaonei wivu. Wengi wao walinifaa msimu ule kuliko ndugu: huyu alinipa leva ya klachi, yule petroli, mwingine kivuli. Mimi niliwasili kwa pikapu ya shemeji, ile inayobeba viazi kutoka Kinangop siku nyingine, na pikipiki yangu ikateremshwa ikiwa na udongo wa shambani kwenye spoki kabla haijagusa udongo wa uwanja.

Nilikaa miezi mitano nikichagua pikipiki, na subira hiyo iliniokolea pesa kuliko jambo lingine lolote nililofanya mwaka huo. Niliyemchukua mwishowe alikuwa mkongwe: Yamaha YZ125 ya mwaka 2008. Sikuichagua kwa kasi. Niliichagua kwa sababu injini yake ya mapigo mawili ilibaki karibu ileile kuanzia 2005, pikipiki hiyo ilipopewa fremu ya alumini, hadi 2021. Vipuri vingi vya ndani vya miaka hiyo yote vinaingiliana. Mtu wa bajeti ndogo anapaswa kununua pikipiki ambayo kiwanda hakikuigusa kwa muda mrefu, kwa maana mahali fulani duniani daima kuna mtu anayeuza kipande chake.

Pikipiki za mapigo manne za cc 250 ndizo zilizojaa uwanjani, na zina nguvu kuliko yangu. Lakini ndani ya kichwa cha injini hiyo mna valvu nne na kemshafti inayovutwa na cheni, na injini yenyewe huzunguka zaidi ya mara 13,000 kwa dakika. Valvu moja ikikatika kwa kasi hiyo, hakibaki kitu cha kutengeneza. Yangu haina valvu za namna hiyo. Kubadili pistoni ni kazi ya saa mbili mezani: vua kichwa, inua silinda, chomoa klipu, sukuma pini. Nimewahi kuifanya kwa tochi ya simu, stima zikiwa zimepotea, binti yangu akishikilia simu na kuuliza kwa nini pistoni haina kichwa kama cha mtu. Nilifunga kisaa kidogo kinachohesabu saa za injini, nikajiwekea sheria: kila saa 15, pistoni mpya. Pistoni na ringi yake ilinigharimu chini ya robo ya kodi ya nyumba yangu ya mwezi. Kuisuka upya injini ya mapigo manne iliyovunjika kungekula kodi ya miezi mingi.

Sababu ya pili ilikuwa ya hesabu. Chukua mfumo wa pointi unaotumika katika mbio za dunia za motokrosi: mshindi 25, wa pili 22, wa tatu 20, wa nne 18, wa tano 16, wa sita 15, kisha pointi zinashuka moja moja hadi wa ishirini anayepata 1. Mtu akishinda mkondo wa kwanza na cheni yake ikakatika kwenye wa pili, anarudi nyumbani na 25. Aliyemaliza wa saba mara mbili, ambaye hakuna mpiga picha aliyemtazama, ana 28.

Niliikariri hesabu hiyo kama dua. Pesa hununua kasi, na kasi sikuweza kuinunua. Lakini kumaliza mbio kunanunuliwa kwa saa za jioni, kwa spana na kwa kitambaa, na hizo nilikuwa nazo. Mwaka 1999 Mhispania Emilio Alzamora alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio za lami wa cc 125 akiwa na pointi 227 dhidi ya 226 za Marco Melandri, na msimu mzima hakushinda hata mbio moja. Miaka kumi kabla yake, Manuel Herreros alifanya vivyo hivyo katika cc 80. Wako wanaoyasema majina hayo kwa dharau kidogo, kana kwamba walipata kwa bahati. Mimi siwezi. Mtu anayefika mwisho, mbio baada ya mbio, amefanya kazi ambayo haionekani kwenye picha.

Ninayemuenzi zaidi ni Jon Ekerold wa Johannesburg. Mwaka 1980 alikuwa akikimbia katika daraja la cc 350 kwa timu yake mwenyewe, bila kiwanda nyuma yake, juu ya injini ya Yamaha TZ350 iliyofungwa kwenye fremu ya Bimota. TZ350 ilikuwa injini ambayo mwendeshaji binafsi aliweza kuinunua. Mpinzani wake, Mjerumani Anton Mang, alikuwa juu ya Kawasaki. Walifika mbio ya mwisho kila mmoja akiwa na pointi 48, na mbio yenyewe ikawa Nürburgring, nyumbani kwa Mang, kwenye ule mzunguko wa zamani wa karibu kilomita 23 katikati ya msitu. Ekerold alishinda, 63 kwa 60. Mwafrika mwenye karakana yake mwenyewe alikuwa bingwa wa dunia. Habari hiyo niliisoma nikiwa kidato cha tatu, kwenye gazeti kuukuu lililokuwa limefungia sukari, nami nikailaza chini ya godoro.

Basi nilipoanza msimu nilijua ninachotaka. Sikutaka kuwa bingwa. Nilitaka kumaliza kila mkondo, na nione hesabu itanifikisha wapi.

Kumaliza kunahitaji mafundi. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliondoa VAT kwenye pikipiki za chini ya cc 250, na bodaboda zikaenea hadi vijiji ambavyo matatu haikuwahi kufika. Pamoja nazo wakaja mafundi. Leo kila kituo kina mtu anayeweza kuvua magurudumu akiwa amefumba macho. Sijui nchi nyingi ambazo mtu wa mbio ana hazina kama hiyo mlangoni pake. Lakini ilinichukua muda kujua kwamba nusu ya pikipiki ya mbio inaweza kutunzwa mtaani na nusu nyingine haiwezi, na kwamba hasara zote hutokea pale mtu anapochanganya nusu hizo mbili.

Beringi, kwa mfano, ni za mtaani. Dukani kwa wenye chapa, beringi ya gurudumu huja ndani ya kiboksi kizuri kwa bei ya kutisha. Lakini beringi ina namba iliyochongwa ubavuni, na namba hiyo ni lugha moja dunia nzima. Ile ya 6204 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje cha 47 na unene wa 14, iwe ni ya pampu ya maji, ya mashine ya kusaga au ya pikipiki. Nilivua zangu, nikasoma namba, nikaenda Barabara ya Kirinyaga, nikanunua zilezile zenye mfuniko wa mpira pande zote mbili. Niliyempa pesa alinitazama kwa huruma alipoona tabasamu langu.

Cheni si ya mtaani. Ya bodaboda nyingi ni ya 428, ambayo hatua yake kati ya pini na pini ni milimita 12.7. Ya mbio ni ya 520, yenye hatua ya karibu milimita 15.9. Hazikaribiani. Na silinda ndiyo kabisa si ya mtaani. Silinda ya bodaboda ina ukuta wa chuma cha kuyeyushwa: ikichakaa, fundi wa Kariobangi Light Industries anaitoboa kidogo, anatia pistoni kubwa zaidi, nawe unarudi barabarani jioni hiyohiyo. Silinda yangu ni ya alumini iliyopakwa ndani utando mwembamba wa nikeli na silikoni kabaidi, mgumu kuliko chombo cha kuutoboa. Ukiuondoa utando huo umeondoa silinda. Nililijua hilo kwa kusoma. Baadaye nilikuja kulijua kwa njia nyingine.

Gikomba, soko la mitumba, ilinivisha. Jezi, suruali ya mbio iliyoshonwa goti mara mbili, soksi ndefu, hata buti ambazo mtu fulani Ulaya alizivaa msimu mmoja akaacha. Sikununua helmeti Gikomba, na hapa naomba msomaji anisikilize vizuri, hasa kama ana kijana anayepanda bodaboda. Kinga ya helmeti iko kwenye povu jeupe lililo chini ya kitambaa. Povu hilo hufanya kazi mara moja tu: linapondeka ili fuvu lisipondeke, na likishapondeka halirudi. Kwa nje helmeti inaweza kung'aa kama yai. Huwezi kujua ilianguka mara ngapi kabla haijafungwa kwenye belo. Yangu niliinunua mpya, yenye alama ya kiwango cha ECE, na kwa ajili yake nilikimbia raundi mbili za kwanza na tairi la nyuma lililochakaa.

Tairi lenyewe lina siri yake. Meno ya tairi la nyuma hulika upande mmoja, upande unaosukuma udongo. Yakilika, watu hulitupa. Ukilivua, ukaligeuza na kulirudisha kwenye rimu likiangalia upande wa pili, ule ukingo ambao haujalika ndio unaoanza kuuma udongo. Si sawa na jipya, lakini ni kama kupata nusu ya tairi bure. Kugeuza tairi la inchi 19 kwa vyuma viwili vya mkono, bila kutoboa tyubu, nilijifunza kwa kutoboa tyubu tatu.

Raundi ya kwanza nilimaliza wa tisa na wa nane. Ya pili wa nane na wa nane. Hakuna aliyenipigia makofi isipokuwa shemeji, ambaye hujua kupiga mluzi kwa vidole viwili mpaka jenereta zisisikike.

Raundi ya tatu ikaja na mvua. Ilinyesha usiku kucha, na asubuhi njia ilikuwa uji. Wengi walikunja nyuso. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi, kwa sababu matope humshusha mwenye pesa mpaka alipo mwenye kujiandaa. Filta niliivisha soksi ndefu ya kike, ile nyembamba ya kuonyesha ngozi, ambayo huzuia tope na kupitisha hewa. Chini ya madigadi nilipaka mafuta ya kupikia ili udongo usishike. Kila uwazi uliokuwa kati ya injini na fremu niliujaza vipande vya sponji ya godoro, kwani tope likiingia hapo linakaa, na baada ya mizunguko mitano unakuwa umebeba mtu mwingine. Miwani ya mbio niliibandika karatasi za plastiki za kung'oa, moja baada ya nyingine, nikapanga kichwani ni kona gani nitang'oa ipi.

Geti lilipoanguka nilikuwa wa mwisho kabisa. Kona ya kwanza ilikuwa rundo la watu. Nilipita kando, polepole, gia ya tatu, injini ikinung'unika. Kila mzunguko nilimkuta mtu mwingine amesimama: huyu klachi imeungua kwa kupigania mfereji, yule anatapatapa kuiinua pikipiki, yule mwingine maji yamechemka rejeta ikiwa imezibwa na tope. Sikumpita mtu yeyote kwa kasi. Niliwakuta tu. Bendera yenye miraba ilipopepea nilikuwa wa nne, pointi 18, na shemeji alikuwa amepoteza sauti.

Baada ya hapo sikuipeleka pikipiki kuoshwa kwa mashine ya maji ya kasi, kama walivyofanya wenzangu. Maji hayo husukuma mchanga hadi ndani ya beringi ulizozinunua kwa jasho. Ndoo sita za maji, brashi ya viatu, saa mbili na nusu. Mikono ilikauka kama magome.

Nadhani ilikuwa ile nafasi ya nne iliyonipa kiburi. Baada ya raundi hiyo nilikuwa wa tano katika msimamo, na katikati ya msimu nikaalikwa kwenye mbio za Garuga, ule uwanja ulio upande wa Entebbe, karibu na Ziwa Viktoria. Hazikuwa na pointi za kwetu. Shemeji alisema waziwazi: "Shemeji, unaenda kutafuta nini? Huko hakuna kitu cha kuokota." Nilikuwa na jibu refu kuhusu uzoefu. Ukweli ni kwamba nilitaka kuonekana.

Kutoka Nairobi hadi Kampala ni zaidi ya kilomita 650, halafu bado uishuke Barabara ya Entebbe. Tulipita Nakuru na Eldoret, tukafika Malaba, tukakaa na karatasi za forodha mpaka jua likatua, tukalala ndani ya pikapu tukipishana usingizi ili mmoja alinde. Na barabara yote hiyo sikufikiria jambo moja lililokuwa kubwa kuliko yote.

Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa yake ni nyepesi: kila funda injini inalovuta lina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita ukilinganisha na Pwani. Kabureta haina akili, ina tundu tu. Tundu hilo, jeti kuu, ni kipande cha shaba kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho, na ukubwa wake unachaguliwa kulingana na hewa. Kwa hewa nyepesi unaweka tundu dogo. Ziwa Viktoria liko mita 1,134. Hewa ya pale ni nzito zaidi, na alfajiri, ukungu ukiwa bado juu ya maji, ni nzito na ya baridi. Jeti iliyokuwa sahihi Jamhuri, tena iliyokazwa hadi ukingoni ili nipate nguvu kidogo, pale Garuga ilikuwa inainyima injini petroli. Na katika injini ya mapigo mawili petroli ndiyo inayobeba oili. Ukiinyima petroli umeinyima vyote viwili, na joto linapanda.

Jeti kubwa zaidi nilikuwa nazo. Zilikuwa ndani ya kopo la dawa ya kikohozi, mezani, Nairobi.

Mzunguko wa tatu wa mazoezi, kwenye mnyoosho mrefu, nikiwa nimefungua mafuta yote, sauti ya injini ilipanda juu kidogo, safi na tamu kuliko nilivyowahi kuisikia. Sasa ninaijua sauti hiyo na nikiisikia kwa mtu mwingine hukimbia kumpungia mkono. Halafu gurudumu la nyuma likakaza. Nilivuta klachi kabla ya kurushwa. Pistoni ilikuwa imeshika ndani ya silinda. Tuliendesha kilomita zote zile kurudi bila kukimbia hata mkondo mmoja, na shemeji, namshukuru mpaka leo, hakusema neno mpaka Naivasha, ambapo aliniuliza kama nataka chai.

Fundi wangu wa Kariobangi ni mzee ambaye huniita Mwandishi nami humwita Mzee, na hatujawahi kuhitaji majina mengine. Kabla sijamfikia, kijana wa karakana ya jirani alikuwa ameshaitazama silinda, akaona mistari ya kijivu iliyochanika ukutani, akasema itobolewe. Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba karibu nikubali. Mzee alimnyang'anya kwa upole. Aliipeleka mlangoni kwenye mwanga, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mistari ile, mara moja kushuka na mara moja kupanda.

"Mwandishi, hii haikuchimbika. Hii imepakwa. Hiyo ni nyama ya pistoni imegandia hapo. Kaniletee asidi ya kusafishia vigae, pamba, glavu, na ndoo ya maji."

Alichokifanya nakieleza kwa sababu kiliniokolea bei ya silinda nzima. Pistoni ni ya alumini. Ilipopata joto ilivimba, ikajisugua ukutani na kuacha alumini yake juu ya utando wa nikeli. Asidi ile hula alumini na huuacha utando. Akiwa uani, upepo ukimpa mgongo ili asivute mvuke, alichovya pamba kwenye kijiti, akagusa mstari mmoja. Ukachemka povu dogo la kijivu. Akasubiri, akafuta, akagusa tena. Alikwepa kwa makini matundu ya pembeni ya silinda, ambako alumini iko wazi na asidi ingekula kile tusichotaka kiliwe. Povu lilipokoma kutokea, akasuuza kwa maji mengi na magadi, akakausha, akapaka oili. Chini ya ile mistari, mikwaruzo myembamba ya kiwandani, iliyopishana kama wavu, ilikuwa bado ipo. Ilimchukua dakika arobaini. Alinidai bei ya chakula cha mchana.

Pesa yangu ilitosha pistoni mbili za kumalizia msimu, na moja niliiacha Garuga. Raundi zote zilizobaki nilizikimbia kwa ile ya mwisho. Kisaa kilipita 15, kikapita 18. Nilibadili mwendo wangu: nilipandisha gia mapema, nikaacha kuzungusha injini hadi mwisho, nikajifunza kubeba kasi ndani ya kona badala ya kuitafuta nje yake. Cha ajabu ni kwamba niliendesha vizuri zaidi. Wa saba, wa sita, wa saba. Zile jeti kubwa sasa ziko ndani ya pochi ya ngozi iliyofungwa kwenye fremu.

Katika wiki hizo nilikuwa nikitazama nje ya uzio wa Jamhuri kuliko ndani. Vijana wa bodaboda huja, huegesha Boxer zao kwa safu, hupanda juu ya viti ili waone. Wanajua kusikiliza injini. Mmoja wao aliniambia, kabla mimi mwenyewe sijahisi, kwamba cheni yangu imelegea, kwa kuwa aliisikia ikipiga mkono wa gurudumu la nyuma nilipotua. Mtu mwenye masikio hayo hana mlango wa kuingilia. Naamini, na nimewaambia waandaaji ana kwa ana, kwamba siku yoyote ya mbio inaweza kuwa na mkondo mmoja wa pikipiki za kawaida za chini ya cc 150, tairi za meno, taa zimevuliwa, kiingilio kidogo, helmeti na kinga ya shingo za kuazimwa. Si hisani. Kipaji kiko pale nje, na tunakitoza tiketi ya kutazama.

Tulifika raundi ya mwisho nikiwa wa sita. Baada ya mkondo wa kwanza wa siku hiyo nikawa sawa kwa pointi na mtu wa tano, kijana mwenye umri wa nusu ya wangu na adabu ya kuniamkia kila asubuhi. Kisaa kilisoma saa 23. Mkondo ulikuwa mmoja tu umebaki.

Kwa karibu dakika kumi na tano nilikuwa wa saba naye wa nane, nyuma yangu. Nilimsikia kwenye kila kona. Mizunguko miwili kabla ya mwisho tulitoka kwenye kona pana inayoelekea mnyoosho, naye alikuja kwa nje, mafuta yote wazi. Nilikuwa na nafasi ya kufanya vilevile. Mkono wangu ulianza kuzunguka. Halafu nikaisikia, au nikadhani nimeisikia, ile sauti iliyo safi kupita kiasi, na mkono ukarudi wenyewe. Alipita. Yeye alimaliza wa saba kwa pointi 14, mimi wa nane kwa 13. Nilimaliza msimu nikiwa wa sita, pointi moja nyuma ya wa tano. Baada ya mazoezi yale ya Garuga, hakuna mkondo hata mmoja nilioshindwa kuumaliza.

Jumatatu nilimpelekea Mzee injini. Alivua kichwa, akainua silinda, akaitoa pistoni na kuizungusha dirishani. Akaiingiza ringi ndani ya silinda, akapima mwanya wa ncha zake kwa vibamba vyembamba vya chuma, kimoja baada ya kingine, bila haraka. Nilimweleza ile kona, na ile sauti.

Aliipima mara ya pili. "Ilikuwa bado na mbio moja ndani yake," akasema. Aliifunga kwenye kitambaa, akanipa. Nilikaa kwenye kile kigoda chake mpaka wenzake walipoanza kufunga karakana, nikamuuliza kama angeweza kuniagizia nyingine.